Kamera za Canon: Wingi wa matoleo wageuka mzigo kwa mnunuzi

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI aliyekuwa na dola za Marekani 1,499 mwaka 2023, na akataka bodi mpya ya kamera ya Canon, alikabiliwa na mtihani ambao kampuni hiyo ya Japani ilimtungia yenyewe.

Kwa fedha hizo aliweza kuchukua EOS R7, iliyotangazwa Mei 2022, au EOS R8, iliyotangazwa Februari 2023. Bei iliyotangazwa nchini Marekani kwa bodi zote mbili ilikuwa ileile, bila kuzidiana hata dola moja.

R7 ina kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu. Lakini ina nafasi mbili za kadi za kumbukumbu, betri kubwa na mtambo wa ndani wa kutuliza mtikisiko wa mkono. R8 ina kihisi kikubwa, chenye eneo sawa na picha ya filamu ya milimita 35, ambacho hustahimili vizuri zaidi mwanga hafifu. Lakini ina nafasi moja tu ya kadi, betri ndogo, na haina mtambo huo wa kutuliza.

Mpigapicha wa harusi, ambaye kadi ikiharibika hana namna ya kuwarudisha maharusi kanisani au msikitini, anahitaji nafasi mbili za kadi. Mpigapicha huyohuyo, akifika ukumbini usiku penye taa za rangi na giza pembeni, anahitaji kihisi kikubwa. Canon iliweka kimoja katika kamera hii na kingine katika kamera ile, kisha ikamwachia achague. Kamera iliyokuwa na vyote viwili, R6 Mark II, ilitangazwa Novemba 2022 kwa dola 2,499.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Ni namna ya kupanga bidhaa ambayo Canon imeitumia kwa miaka mingi: kila ngazi hunyimwa kitu fulani ili mnunuzi asiridhike na asukumwe kupanda ngazi ya juu yake. Utaratibu huo ulikuwa na faida wakati soko lilipokuwa kubwa. Leo unamgharimu mnunuzi, na kwa muda mrefu utaigharimu kampuni yenyewe.

Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, zinaonyesha ukubwa wa mabadiliko. Mwaka 2010 wanachama wake walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2020, ambao ulikuwa pia mwaka wa janga la corona, idadi hiyo ilishuka hadi kiasi cha milioni 8.9. Mwaka 2023 ilikuwa kiasi cha milioni 7.7, na mwaka 2024 ikapanda kidogo hadi karibu milioni 8.5.

Kwa maneno mengine, kati ya kila kamera 14 zilizokuwa zikitoka viwandani mwaka 2010, imebaki moja. Simu ya mkononi imezimeza nyingine zote.

Wako waliotoka kabisa sokoni. Casio iliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Olympus, iliyokuwa katika biashara hiyo tangu miaka ya 1930, ilitangaza Juni 2020 kwamba inauza kitengo chake cha kamera, na uuzaji ukakamilika Januari 1, 2021. Nikon ilifuta mfululizo wake wa DL mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya kuutangaza na kabla hata kamera moja haijafika dukani, kisha mwaka uliofuata ikaachana na mfululizo wa Nikon 1 ulioanza mwaka 2011.

Canon haikuanguka. Kampuni hiyo inajitangaza kuwa ya kwanza duniani katika kamera zinazobadilishwa lenzi kila mwaka tangu 2003. Anayeongoza mbio kwa zaidi ya miaka 20 ana haki ya kuuliza kwa nini afundishwe kukimbia, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya mtu yeyote anayeishauri Canon kupunguza kamera zake.

Hata hivyo, tangu Septemba 2018 ilipotangaza EOS R ya kwanza hadi mwishoni mwa 2025, Canon ilitoa bodi zisizopungua 17 katika familia hiyo moja. Zipo R, Ra, RP, R5, R6, R3, R5 C, R7, R10, R6 Mark II, R8, R50, R100, R1, R5 Mark II, R50 V na R6 Mark III. Msomaji aliyeisoma orodha hiyo mara moja na kuweza kusema ipi iko juu ya ipi atakuwa ama muuza kamera ama mtu mwenye subira isiyo ya kawaida.

Kanuni inayotajwa ni kwamba namba ikiwa ndogo, kamera ni kubwa. R1 ni ya juu kabisa, R100 ni ya chini kabisa. Lakini R7, yenye kihisi kidogo, imekaa katikati ya R6 na R8 zenye vihisi vikubwa. R na RP hazina namba. R5 C si toleo dogo la R5, bali ni ya watengenezaji wa filamu na ina feni ndani yake. Kanuni yenye mianya kiasi hicho haimsaidii mgeni.

Ikumbukwe kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi huko nyuma.

Februari 2015 Canon ilitangaza kwa siku moja kamera mbili, 750D na 760D. Kihisi kilikuwa kilekile cha megapikseli 24. Tofauti kubwa ilikuwa skrini ndogo ya taarifa juu ya bodi na gurudumu la nyuma, ambavyo 760D ilikuwa navyo na mwenzake hakuwa navyo. Hayo yalikuwa majina ya Ulaya. Marekani kamera hizohizo ziliitwa Rebel T6i na Rebel T6s. Japani moja iliitwa Kiss X8i na nyingine 8000D.

Miaka mitatu baadaye, Februari 2018, ilirudia jambo hilo chini kabisa ya ngazi kwa kutangaza 2000D na 4000D pamoja. Ili 4000D iwe ya bei ya chini, sehemu ya kufungia lenzi ilifanywa ya plastiki badala ya chuma, skrini ikapunguzwa, swichi ya kuwasha ikaondolewa na kazi yake kuhamishiwa kwenye gurudumu la kuchagulia namna ya kupiga. Hata kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kitundu cha kuchungulia kwa mwenye macho yasiyoona sawasawa kiliondolewa. Ni vigumu kuamini kwamba kipande hicho ndicho kilichokuwa kikizuia bei kushuka.

Kwa wanunuzi wa Afrika Mashariki, suala la majina halikuwa mzaha. Bidhaa za aina hii hutufikia kwa njia nyingi: kupitia wafanyabiashara wa Dubai, kutoka Ulaya, na kwa ndugu walioko Marekani wanaokuja likizo na sanduku. Kamera iliyoitwa 2000D Ulaya iliitwa 1500D katika nchi nyingi za Asia na Rebel T7 nchini Marekani. Kijana anayeanza kupiga picha za paspoti anaweza kuzikuta zote tatu Kariakoo jijini Dar es Salaam, au katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akaambiwa bei tatu na sifa tatu za kitu kimoja. Namba 2000 ikionekana kubwa kuliko 1500, muuzaji hana sababu ya kumsahihisha.

Canon inastahili sifa kwa kulirekebisha hilo. Kamera za R zinabeba jina moja dunia nzima, na R50 iliyotangazwa Februari 2023 haikuitwa Kiss hata kwao Japani, ingawa jina hilo lilikuwa likitumika huko tangu 1993. Kazi ya majina imefanyika nusu. Kazi ya bodi zenyewe bado.

Lakini kuna jambo lililowaumiza wateja kuliko majina na kuliko idadi ya bodi, nalo ni mifumo ya lenzi.

Bodi ya kamera huchakaa na kupitwa na wakati. Lenzi ndiyo mtaji. Mpigapicha anaweza kubadilisha bodi mara tatu na lenzi ikabaki ileile, na ndiyo maana lililo muhimu katika kamera ni ile duara ya chuma inayofungia lenzi, kuliko hata idadi ya megapikseli inayoandikwa kwenye kisanduku.

Mwaka 1987 Canon ilifanya uamuzi mgumu. Iliuacha mfumo wa FD ulioanza mwaka 1971 na kuanzisha EF, na waliokuwa na lenzi za FD wakabaki na hasira kwa sababu hazikuweza kufungwa kwenye kamera mpya. Lakini uamuzi huo ulidumu. Lenzi ya EF ya mwaka 1987 inafunga kwenye kamera za dijitali za EOS zilizofuata, na kwa kutumia adapta ya Canon yenyewe inafanya kazi kwenye R1 ya mwaka 2024. Aprili 2014 kampuni ilitangaza kwamba imetengeneza lenzi milioni 100 za mfumo huo. Huo ndio urahisi wenye faida: mlango mmoja uliokaa wazi kwa zaidi ya miaka 30.

Julai 2012 ilifungua mlango mwingine pembeni. Kamera ya EOS M, ndogo na isiyo na kioo ndani, ilikuja na mfumo wake wa EF-M. Katika miaka zaidi ya kumi ya uhai wake, Canon iliutengenezea lenzi zake nane tu. Kamera zenyewe zilipendwa, hasa M50 iliyotangazwa Februari 2018, ambayo ilinunuliwa sana na wanaorekodi video za kujiweka mtandaoni.

Miezi saba baadaye ilikuja EOS R na mfumo mwingine tena, RF.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika EF-M lenzi hukaa milimita 18 kutoka kwenye kihisi, na katika RF hukaa milimita 20. Kwa hiyo lenzi ya EF-M ingelazimika kuzama milimita mbili ndani ya bodi ya RF ili ilenge sawasawa, jambo ambalo adapta ya kawaida haiwezi kulifanya. Upande wa pili, milimita mbili hazitoshi kuingiza adapta yoyote ya maana. Mtu wa M50 aliyetaka kupanda kwenda R alitakiwa kuacha lenzi zake zote za EF-M na kuanza upya.

Pamoja na hayo, Oktoba 2020, miaka miwili baada ya RF kuzaliwa, Canon ilitangaza M50 Mark II. Mei 2022 ilileta R7 na R10, kamera zenye kihisi kidogo lakini za mfumo wa RF, na watu wakaelewa kinachofuata. Mwaka 2023 mfululizo wa M ulifikia mwisho.

Aliyenunua M50 Mark II mwishoni mwa 2020 alinunua kamera nzuri iliyokuwa imeshahukumiwa. Hakuna aliyemdanganya kwa maneno. Lakini kampuni inayouza mifumo miwili isiyopatana, na inayojua kwamba mmoja ndio wa baadaye, inamfanya mteja wa kipato cha chini alipe gharama ya kusitasita kwake.

Kwa nini basi Canon inaweza kumudu wingi wote huu? Jibu moja liko viwandani. Fujio Mitarai, mpwa wa mwanzilishi wa kampuni, aliposhika urais mwaka 1995 baada ya kufanya kazi Marekani kwa miaka 23, alizifunga biashara zisizoleta faida, zikiwamo za kompyuta binafsi na taipureta za umeme. Lakini pia aliondoa mikanda mirefu inayotembea viwandani na kuweka vikundi vidogo vya wafanyakazi, kila kikundi kikiunganisha bidhaa tangu mwanzo hadi mwisho. Utaratibu huo unarahisisha kutengeneza aina nyingi kwa idadi ndogo ndogo. Mtu aliyepunguza biashara ndiye pia aliyefanya wingi wa matoleo uwe nafuu.

Jibu la pili ni kuazimana vipuri. R8 inatumia kihisi cha kizazi kimoja na kile cha R6 Mark II. RP ya mwaka 2019 ilitumia kihisi kilichotokana na cha 6D Mark II. Mhandisi anayevuta vipande kutoka rafu moja anaweza kutoa kamera mpya bila gharama kubwa ya utafiti.

Gharama haikuisha, imehamia kwingine. Kila bodi inahitaji programu yake ya kuendeshea na masahihisho ya programu hiyo kwa miaka kadhaa, kitabu chake cha maelekezo na akiba yake ya vipuri. Fundi wa kamera, ambaye kwetu mara nyingi hupata vipuri kwa kuvunja kamera nyingine iliyokufa, anafaidika pale kamera nyingi zinapofanana. Kukiwa na aina kumi zilizouzwa chache chache, hana cha kuvunja.

Wapo wanaopenda kuleta hapa mfano wa Apple, kwamba Steve Jobs aliporudi mwaka 1997 alifyeka kompyuta nyingi na kubakiza mraba wenye vyumba vinne. Mfano huo hutumika kupita kiasi. Apple ilikuwa karibu kufilisika, Canon haiko hivyo, na kompyuta haina lenzi za thamani zinazobaki kwa mwenyewe baada ya bodi kufa. Mfano unaofaa zaidi uko ndani ya Canon yenyewe.

Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo iliuza kamera mbili za kilele kwa wakati mmoja: EOS-1D kwa wanamichezo na waandishi wa habari waliohitaji kasi, na EOS-1Ds kwa studio zilizohitaji ukubwa wa picha. Oktoba 2011 ilizikunja zote mbili kuwa moja, EOS-1D X. Mfululizo huo ulidumu hadi 1D X Mark III ya Januari 2020, na ukabaki kifaa cha kazi pembeni mwa viwanja vya Olimpiki na Kombe la Dunia.

Somo hilo linahitajika tena sasa, na pa kuanzia ni juu. R3 ilitangazwa Septemba 2021 kwa dola 5,999. R1 ilitangazwa Julai 2024 kwa dola 6,299. Kamera mbili za kilele zilizotangazwa kwa tofauti ya dola 300 haziwezi kuwa na sababu mbili za kuwapo. R3 isipewe mrithi.

Katikati, R5 na R6 zina kazi zinazoeleweka. Ya kwanza ni ya anayehitaji picha kubwa yenye megapikseli 45, ya pili ni ya anayefanya kila kitu. Hapo pasiguswe.

R8 ibaki kama njia nafuu ya kupata kihisi kikubwa, lakini toleo lake lijalo lipewe nafasi ya pili ya kadi. Canon inaweza kuhofia kwamba R8 ya namna hiyo itaila R6. Itaila kidogo, ndiyo. Lakini mteja anayeona kwamba amenyimwa kwa makusudi kitu cha kulinda kazi yake hapandi R6 lazima; Sony na Nikon nao wana maduka.

Chini ndipo penye msongamano, na ndipo wanunuzi wengi wa kwetu walipo. R10, R50 na R100 zote zina kihisi kidogo, zote hazina mtambo wa ndani wa kutuliza mtikisiko, zote zinatumia betri ya aina moja. R10 ilitangazwa kwa dola 979, R50 kwa 679, R100 kwa 479. R100 ina skrini isiyogeuka na isiyoguswa. Mwaka 2023, wakati kijana wa miaka 15 hajawahi kushika kifaa chenye skrini asiyoweza kuigusa, Canon ilimpa cha kwanza kikiwa kamera.

Hapa ndipo wenye maoni ya kupunguza hukosea wanaposema R100 ifutwe tu. Dola 479 na dola 679 si bei moja kwa mtu anayekusanya mtaji kwa mchango wa upatu. Ngazi ya chini ikiondolewa, hatapanda ya pili. Atabaki na simu, na Canon itakuwa imempoteza mteja kabla hajaanza.

Njia iliyo bora ni ile ambayo Sony imekuwa ikiitumia kwa miaka mingi, ya kuacha toleo la zamani liendelee kuuzwa kwa bei iliyoshushwa baada ya jipya kutoka. R50 itakapopata mrithi, R50 yenyewe ishushwe hadi mahali pa R100. Mnunuzi wa bei ya chini atapata kamera iliyokuwa kamili wakati ilipotengenezwa, fundi atapata vipuri vingi vya aina moja, na hakuna mhandisi atakayekaa kutafuta kitu cha kuondoa. R10 nayo iunganishwe na mrithi huyo, kwa sababu vidude vichache vya ziada na kasi ya kupiga mfululizo havitoshi kuwa kamera ya peke yake.

Upande wa video, ambako sasa kuna R50 V ya mwaka 2025 pamoja na kamera ndogo za V10 na V1, ni mapema mno kuhukumu. Soko hilo bado linakua na kila kampuni inapapasa.

Hesabu ikifanywa hivyo, familia ya R inabaki na bodi sita za picha: R1, R5, R6, R7, R8 na moja ya wanaoanza, ambayo toleo lake lililopita linauzwa chini yake. Mfumo wa lenzi unabaki mmoja. Tangu Aprili 2024, Canon ilipowaruhusu Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za RF kwa kamera za kihisi kidogo, mwenye R50 amepata chaguo ambazo mwenye M50 alizikosa katika lenzi nane za kampuni.

Ruhusa hiyo, kama ilivyotangazwa, iliishia kwenye kihisi kidogo. Mpigapicha wa harusi aliyechagua R8 kwa ajili ya ukumbi wenye giza, na akakubali kufanya kazi na kadi moja, hakutajwa ndani yake.